Walinisajili Wakimtaka Mdogo Wangu

Sehemu ya Tano

Mliniacha nimesimama mlangoni kwa Kocha Hollowell, kocha wetu mkuu, mkono kwenye kitasa. Kwa aliyeanza kusoma leo, nitamweleza kwa ufupi, halafu tuingie ndani pamoja.

Naitwa Keturah Pickens, mtoto wa Sorrel, Mississippi, mji ambao ukiondoa kiwanda cha samaki na makanisa hakuna kinachobaki. Nacheza mpira wa kikapu, namba moja, yaani yule anayeushika mpira na kuichezesha timu. Nilipokuwa namaliza sekondari, kocha msaidizi aitwaye Brandt Loomis alikuja mpaka kwetu, akala kambare wa kukaanga wa Mama, akaimba nasi kanisani, akaahidi kwamba Chuo Kikuu cha Marbury kitanifanya nyota. Nikasaini.

Mwaka mzima nikakaa benchi. Walisema mimi mwembamba, wakaninenepesha mpaka nikawa mzito wa kukimbia. Walisema mtupo wangu wa kishamba, wakaubadilisha mpaka nikawa sifungi hata nikiwa peke yangu uwanjani. Wenzangu wakanibandika jina, Mama Maji, kwa kuwa kazi niliyoiweza ni kuwapa chupa wakitoka kucheza.

Mwaka wa pili ukaanza. Siku chache kabla ya mechi ya kufungua msimu, namba moja wetu, Brenna Stokely, akavunjika kidole mazoezini. Aliyefuata kwa zamu ni mimi. Hata jasho halijanikauka, nikaitwa ofisini.

Nikaingia.

Kocha Hollowell hakuniambia nikae. Alikuwa anakula tufaha, analikata vipande kwa kisu kidogo.

"Mdogo wako anakuja Ijumaa," akasema. "Yeye na mama yako. Nataka akukute una furaha."

Nikamwambia furaha ninayo.

"Hiyo sura uliyoingia nayo ni ya mtu aliyefiwa, Keturah. Ibadilishe kabla ya Ijumaa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza habari ya kidole cha Brenna, nikauliza kama nijiandae. Akasema ndiyo, Jumamosi nitaanza. Nilikuwa nimeota maneno hayo tangu nifike Marbury, na sasa yalikuwa yametoka mdomoni mwake kama mtu anayeagiza chai.

Nikamshukuru. Nikamwambia hatajuta, kwamba Brenna atapona kidole akute nimeshika nafasi.

"Kidole hakihusiki," akasema. "Hata angekuwa mzima ungeanza. Unaanza kwa sababu mdogo wako atakuwa amekaa nyuma ya benchi anatazama."

Wasomaji wengine mtasema ningenyamaza. Sikuweza. Nikamuuliza kwa nini walinisajili.

Alimeza kipande chake cha tufaha kwanza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Tulikuwa tunamtaka Denesha tangu ana miaka kumi na tano," akasema. "Wewe umekuja kwanza kwa sababu ulizaliwa kwanza. Basi."

Hapo yote yakanirudia. Loomis pale mezani kwetu, kila mara akimwomba Denesha amwongezee chai ya barafu. Nilidhani ana kiu. Kumbe alikuwa anataka asimame, amwone urefu. Loomis kwenye kiwanja chetu cha udongo nyuma ya nyumba, mimi natupa, yeye ananipigia makofi, macho yako kwa yule mtoto anayeokota mipira.

Kocha akaendelea. Akanikumbusha kwamba ufadhili wangu hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka anayeamua uendelee au usiendelee ni yeye. Akasema mimi ni msichana mwenye akili. Akafuta kisu kwa karatasi laini, akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Ijumaa walifika. Mama alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau, na amebeba keki ya viazi vitamu kwenye mapaja njia nzima. Denesha alishuka garini akainama kunikumbatia. Alikuwa amenipita kichwa kizima.

"Dada, umenenepa," akasema, akacheka.

Loomis alikuwa nyuma yetu. Akacheka naye, akasema hiyo yote ni misuli.

Siku hiyo Marbury iligeuka mahali ambapo mimi sijawahi kuishi. Wasichana walioniita Mama Maji walinishika mabega wakaniita Ket. Kabatini kwangu paliwekwa taa mpya. Kocha Hollowell alimwambia Mama mbele yangu kwamba mimi ndiye moyo wa timu, na Mama akatoa kitambaa akafuta macho. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi nikaanza.

Tangu utotoni sijawahi kuogopa mpira. Siku hiyo niliogopa. Pasi yangu ya kwanza ilikwenda kwa mashabiki. Ya pili ikaibwa. Mtupo wangu wa kwanza, ule mtupo wao mpya wa kiwiko ndani na mguu mbele, haukugusa hata chuma.

Nilisikia mmoja wa wenzangu kwenye benchi akisema kwa sauti ya chini, lakini ya kunifikia, "Mama Maji, urudi kwenye chupa zako."

Sijui nini kilinipata. Mpira uliporudi kwangu, niliutupa kama nilivyokuwa nautupa nyumbani, kutoka begani, kishamba kabisa. Ukaingia. Nikarudia. Ukaingia tena. Robo ya pili wapinzani waliniachia nafasi wakidhani ni bahati, nikawafunga mpaka kocha wao akaomba mapumziko ya dharura. Ukumbi ukaanza kuita jina langu. Pickens, Pickens. Namsikia Mama mpaka leo, anaimba kabisa kama yuko kwenye kwaya.

Tulishinda. Mimi ndiye niliyeongoza kwa pointi.

Sasa niwaambie upumbavu wangu. Nilipokuwa natoka uwanjani, wenzangu wamenibeba, nilimwona Kocha Hollowell ananitazama, nikajiambia: ameona. Ameona alikosea. Sasa mimi si dada wa mtu, mimi ni mchezaji wake. Nililala nimeikumbatia jezi yenye jasho kama mtoto na mwanasesere.

Asubuhi, kabla hawajaanza safari ya kurudi, tulikaa mimi na Denesha kwenye bwalo, peke yetu. Mama alikuwa anazungushwa na Loomis kuonyeshwa maktaba. Denesha alikuwa anavunja mkate wa moto anauchovya kwenye mchuzi mweupe wa soseji, bila kuula.

"Ket," akasema. "Sasa tuko wawili. Niambie ukweli. Hapa pakoje?"

Hakuna mtu duniani niliyempenda kuliko yule mtoto. Nilimfundisha kudunda mpira kabla hajaanza shule. Nilimtazama usoni, nikafikiria ufadhili wangu, nikafikiria jina langu lilivyoitwa jana, nikafikiria mwaka huu utakavyokuwa kama nitasema hivi, na utakavyokuwa kama nitasema vile.

"Pazuri," nikasema. "Wanakujali. Huwezi kukosea ukija."

Aliniangalia muda mrefu. Kisha akasema sawa, akala mkate wake.

Nilidhani ameniamini.

Siku Denesha aliposaini, nilimwona kwenye simu, amekaa kwenye ukumbi wa sekondari yetu, kofia ya Marbury kichwani, Mama upande mmoja, mchungaji upande wa pili. Wenzangu walikuwa wananizunguka wanashangilia. Kocha Hollowell alinipita kwenye korido akanigonga begani kwa vidole viwili, bila kusimama.

Mazoezi ya jioni hiyo hiyo akapiga filimbi katikati ya mchezo. Kila mtu akasimama.

"Nani alikufundisha kutupa hivyo?" akaniuliza.

Nikasema ni mtupo ule wa Jumamosi, ule uliotupa ushindi.

"Hapa hatutupi hivyo. Kimbia."

Nikakimbia, mstari mpaka mstari, wenzangu wakimaliza mazoezi, wakioga, wakiondoka. Alikaa kwenye kiti akiongea na simu yake mpaka nilipotapika. Kisha akazima taa za upande wangu, akatoka.

Msimu wote uliobaki sikugusa uwanja. Kidole cha Brenna kikapona. Makofi ya ile Jumamosi yakasahaulika, na zile chupa za maji zikarudi mikononi mwangu. Mama alipopiga simu kuuliza kwa nini hanioni kwenye televisheni, nilimwambia nimeumia nyama za paja. Nilikuwa mwongo mzuri kufikia wakati huo.

Msimu ulipokwisha, mwezi wa Machi, aliyeniita hakuwa hata Kocha Hollowell. Alikuwa Loomis. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia jezi kwa sababu ofisi zote, alisema, zina watu. Mashine zilikuwa zinazunguka, ikabidi aongee kwa nguvu.

Alisema timu inakwenda upande mwingine. Alisema ananiombea. Alisema wameniingiza tayari kwenye mfumo wa wachezaji wanaotafuta chuo kingine, na kwamba msichana mwenye moyo kama wangu hawezi kukosa pa kwenda.

Nikamwambia mkataba wetu ulikuwa Denesha aje. Amesaini. Nimefanya walichotaka.

Loomis aliangalia mashine. Mwishowe akasema nikazungumze nyumbani.

"Nyumbani na nani?" nikauliza.

"Zungumza na mdogo wako, Keturah."

Pasaka ilinikuta Sorrel na mabegi yangu yote mlangoni. Mama alikuwa jikoni anachemsha mboga na mguu wa nguruwe. Denesha alikuwa mezani anamenya viazi. Niliuliza nikiwa nimesimama, hata koti sijavua.

Denesha hakukana.

"Mimi ndiye niliyewaambia sitakuja kama upo," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, nimemkosea nini. Alikuwa anaendelea kumenya, ganda moja refu lisilokatika.

"Ule usiku kabla ya mechi, Brenna aliniambia kila kitu. Benchi, chupa, lile jina wanalokuita. Na kwamba wamekupa mechi moja ili nikuone. Nikasema haya ni maneno ya watu, nitamuuliza dada yangu mwenyewe. Nikakuuliza. Ukanidanganya usoni, Ket. Uliniona na mimi naingizwa mle, ukanisukuma ili ubaki na nafasi yako."

Ndivyo ilivyokuwa.

"Sasa kama uliona pabaya," nikasema, "ulisaini kwa nini?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Nilitafuta humo yule mtoto wa kuokota mipira, sikumwona.

"Pabaya kwako," akasema. "Mimi wananitaka."

Niligeuka kwa Mama. Nilitaka aseme kitu, hata aturukie wote wawili na mwiko, kama zamani. Mama hakugeuka. Aliendelea kukoroga. Mgongo wake ulinijibu kabla ya mdomo wake.

"Mama, ulijua?"

"Mwanangu, mmoja wenu lazima afike mahali," akasema, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Nimeshaongea na msimamizi kiwandani. Wanakuchukua Jumatatu."

Basi Jumatatu nikavaa buti za mpira na aproni, nikasimama kwenye mstari karibu na Mama, napasua kambare. Kuna watu mle waliowahi kuja kunishangilia sekondari. Mmoja, mzee Odell Crump, alikuwa akipita na toroli la barafu akinitania, nyota wetu amerudi, jamani, mpeni mpira. Mwanzoni alikuwa anatania kweli. Baadaye aliacha, na kunyamaza kwake kukaniuma zaidi.

Nyumbani tulilala chumba kimoja mimi na Denesha, vitanda viwili, hatusemezani. Alikuwa akiamka alfajiri kukimbia. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kunuka samaki.

Mpaka mwisho wa Mei, juma lile alilomaliza sekondari. Nilirudi kazini nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye kitanda changu, si chake, ameuma shuka asilie. Walikuwa wakicheza kwenye nyasi za kanisani baada ya sherehe, akaruka, akatua vibaya. Goti lilikuwa limevimba kama tikiti.

"Dada," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ile aliyoshuka garini Marbury. "Usimwambie Mama. Loomis akijua, wataniacha. Unawajua."

Nilikuwa nawajua. Nilikwenda jikoni nikatoa mfuko wa kunde zilizogandishwa, nikakaa chini, nikauchukua mguu wake nikauweka mapajani mwangu. Nilimkanda mpaka akasinzia. Siku zilizofuata nilimfunga bendeji kila asubuhi kabla ya kazi, nikimwonyesha jinsi ya kupanda ngazi mbele ya Mama bila kuchechemea. Siku moja alijikwaa kwenye zulia, akanidakia shingoni, tukaanguka wote kitandani, tukacheka mpaka Mama akagonga ukuta.

Hatukuombana radhi. Lakini tulicheka, na mimi nilidhani labda itatosha.

Goti likanywea. Akaanza kukimbia tena, polepole. Mwezi Juni akaondoka kwenda Marbury, mtu asijue kitu isipokuwa mimi.

Wiki ya pili tangu aondoke, simu yangu iliita wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa nje ya kiwanda juu ya kreti, nakula mkate wenye jibini. Namba siijui.

Alikuwa mwanamke, sauti ya taratibu, ya mtu wa Arkansas. Alijitambulisha kuwa Kocha Gaither, wa Chuo cha Cale Springs. Nilikifahamu. Kila msimu Marbury na Cale Springs hukutana, na kila msimu hutoka na majeraha.

Alisema aliwahi kuangalia mkanda wa ile mechi yangu ya Jumamosi. Alisema aliutazama tena juzi. Akasema ule mtupo wa begani ni mzuri, na mtu aliyetaka kuubadilisha hajui kazi yake.

Wasomaji, tangu nizaliwe hakuna kocha aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijikuta nimesimama. Mkate ulianguka, sikuuokota.

Akasema wana nafasi. Ufadhili wa miaka yote iliyobaki, si wa mwaka mmoja mmoja. Akasema angependa nije niwe wao.

Nilimwambia naweza kuja hata kesho. Nilisikia sauti yangu inavyolia, nikaona aibu, na yeye akanisubiri mpaka nilipojikusanya.

"Kuna jambo dogo," akasema. "Msimu ujao tunacheza nao mara mbili, na watu wangu wanamwogopa mdogo wako. Nasikia alichechemea mwishoni mwa Mei, hapo kwenu. Watu wanasema ni goti. Lakini wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja."

Niliutazama mkate pale chini.

"Sikulazimishi, mpenzi," akasema, kwa upole ule ule. "Nataka tu kujua kama ukija, umekuja kweli."

Mlango wa kiwanda ulifunguliwa. Mama akatokea na glovu zangu mkononi, akaninyooshea. Kengele ilikuwa imeshalia. Alikuwa na damu ya samaki kwenye nyusi, na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama mkate uliokuwa chini.

"Goti lipi, Keturah?" Kocha Gaither akauliza kwenye simu.

"La kushoto," nikasema. "Akiruka hutua kwa mguu wa kulia. Mkimlazimisha atue kwa wa kushoto, hatarudia kuruka."

Kocha Gaither akaniuliza navaa viatu vya mchezo saizi gani.